Dakika Nne za Kwanza: Shajara ya Mradi wa Huduma ya Kwanza Viwanjani, Kigoma

Jumamosi, 18 Mei 2024

Mradi umeanza rasmi leo, na daftari hili nimekabidhiwa mimi kama katibu. Tunaowalenga ni makocha, manahodha na waamuzi wa timu za mtaani kuanzia Katonga hadi Ujiji, pamoja na vijana wa bodaboda wanaoegesha kando ya viwanja. Tunachotaka ni kwamba kila uwanja wa vumbi unaochezewa mechi mwisho wa wiki uwe na watu wasiopungua wawili wanaojua la kufanya mchezaji anapoanguka na kutoamka.

Uwanja wa Lake Tanganyika, siku Mashujaa wanapocheza mechi ya Ligi Kuu, gari la wagonjwa linakuwepo na madaktari wako kwenye benchi. Viwanja vyetu vingine vyote havina hata sanduku la bendeji. Na humo ndimo watu wengi wa mji huu wanamochezea mpira.

Wazo ni la nahodha wa timu ya wanawake ya chuo chetu. Yuko mwaka wa tatu, stashahada ya utabibu, anacheza kiungo wa chini. Jina lake siliandiki kwa sababu ameomba lisiandikwe. Alikwenda kwa mlezi wa michezo na karatasi mbili tu. Ya kwanza ilimhusu Ismail Khalfan, kijana wa timu ya vijana ya Mbao FC, aliyeanguka Uwanja wa Kaitaba, Bukoba, Desemba 2016, muda mfupi baada ya kuifunga Mwadui, akafariki. Ya pili ilimhusu Christian Eriksen, mchezaji wa Denmark, ambaye moyo wake ulisimama katikati ya mechi Copenhagen, 12 Juni 2021. Kifua kilikandamizwa palepale kwenye nyasi, mashine ya kushtua moyo ikatumika, na hadi leo anacheza.

Mlezi alimuuliza kama anamaanisha kijana wa Bukoba angeweza kupona. Akajibu kwamba hilo hakuna anayeweza kulisema, na si heshima kwa marehemu kulisema. Alichosema ni kuwa moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika nne hadi sita, na kila dakika inayopita bila mtu kukandamiza kifua hupunguza nafasi ya kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Hakuna bajaji ya kutoka Katonga itakayoshindana na hesabu hiyo. Mlezi alisaini siku hiyohiyo.

Tarehe ya kuanza tumeichagua kwa sababu. Ziwa Tanganyika limefungwa kwa uvuvi tangu Jumatano, 15 Mei, hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Wavuvi wako nchi kavu, na timu za mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, zinafanya mazoezi kila jioni. Ni wakati mgumu kwa mifuko ya watu, lakini ndio wakati pekee wa kuwakuta wote pamoja.

Jumamosi, 25 Mei

Sanamu la kufanyia mazoezi. Chuo kina la kisasa kwenye maabara ya vitendo, lakini haliruhusiwi kutoka nje ya geti, na sawa, lingeharibika kwa vumbi. Nahodha alikwenda sokoni Mwanga kwa fundi godoro, akanunua vipande vya sponji, akavishindilia kwenye kiroba. Pale penye mfupa wa kifua akaweka mpira wa zamani uliopunguzwa upepo. Juu yake fulana, kichwa kimeshonwa kwa kitambaa.

Mpira ule ndio siri ya kazi. Kifua cha mtu mzima kinatakiwa kishuke sentimita 5, kisizidi 6, kisha kiachwe kirudi juu chote kabla ya kukandamiza tena. Sponji peke yake hairudi vizuri, mpira unarudi. Tulipima kwa rula hadi tukaridhika.

Mwendo ni mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, na hakuna mtu anayeweza kuhesabu dakika nzima akiwa na hofu. Kwa hiyo tunafundisha hivi: mikandamizo 30 iishe kati ya sekunde 15 na 18, halafu pumzi 2, halafu 30 tena. Kijana mmoja anapiga debe, mwingine anashika saa ya simu, wa tatu anakandamiza. Debe likichapwa sawasawa, mikono inafuata yenyewe.

Jumamosi, 1 Juni. Katonga

Nimeandika haraka pale ufukweni na sasa naandika upya bwenini, maana leo ndiyo siku niliyoelewa mradi huu ni wa nini.

Tulikuta wavuvi wengi kuliko wachezaji. Nahodha aliamkia wazee kwanza, mmoja mmoja, ndipo akaweka sanamu chini. Alipofika kwenye hatua ya kukandamiza, mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu alinyanyua mkono. “Binti yangu, nimeona watu wakianguka. Anatupa miguu, anakoroma. Hicho ni kifafa, au ni jini wa ziwani. Sasa wewe utamkandamizaje kifua mtu mwenye kifafa?”

Watu waliitikia kwa vichwa. Swali hili ndilo linaloua, na mzee aliliuliza kwa nia njema kabisa.

Nahodha hakubishana na habari za jini. Alichuchumaa karibu na mzee akasema, “Baba, moyo ukisimama ghafla, ubongo unakosa damu. Mwili unaweza kutikisika sekunde chache. Na mtu anaweza kufungua mdomo akavuta hewa mara moja, akanyamaza, akavuta tena, kama samaki mgebuka aliyetupwa mtumbwini. Mgebuka yule anapumua?” Mzee akacheka kidogo, akasema hapana, anakufa. “Basi na huyu ni hivyohivyo. Ile si pumzi.”

Kisha akatoa utaratibu. Mwite kwa sauti, mtikise bega. Tazama kifua, usizidishe sekunde 10. Kama haitiki na hapumui kama mtu aliyelala, mmoja anapiga simu na kutafuta gari, mwingine anaanza kukandamiza katikati ya kifua. Kama ni kifafa kweli, kwa kawaida mtikisiko utaisha na utaona anapumua. Huyo mlaze ubavu, ondoa mawe karibu yake, usimshike kwa nguvu. Na kwa wote wawili, usimwagie maji, usimnusishe kiberiti wala kitunguu, usimtie kijiko mdomoni. Vijana wa timu walianza kutazamana hapo, maana kila mmoja amewahi kuona kijiko.

Likaja swali la aliyezama. Hapa ziwani wengi wamezoea kumlaza mtu kifudifudi juu ya ukingo wa mtumbwi au pipa ili maji yatoke tumboni. Nahodha alieleza kwamba kazi hiyo inakula muda, na inaweza kumtapisha na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Aliyezama amekosa hewa, kwa hiyo hewa ndiyo inayotangulia: mlaze chali, nyanyua kidevu, bana pua, puliza hadi uone kifua kinapanda, ndipo uanze kukandamiza.

Mzee wa nyavu alipiga magoti mwenyewe akajaribu. Mikono yake ina nguvu kuliko yetu sote, kifua cha sanamu kilishuka barabara. Alipomaliza akawaambia vijana wake kwamba kila chombo kitakachotoka Agosti kiwe na mtu aliyejifunza hili. Sikutegemea mradi wa viwanjani ungeingia majini, lakini umeingia, na nimeuongeza kwenye mpango.

Jumatano, 19 Juni

Idd ilikuwa Jumatatu. Ujiji kulikuwa na bonanza jana na leo, tukapewa nafasi wakati wa mapumziko ya mechi mbili. Muda mfupi, kelele nyingi. Tulionyesha tu hatua tatu: mwite, tazama, kandamiza. Kocha wa timu moja ya watoto ameomba twende kwake kwa utulivu. Nimeandika namba yake.

Jumamosi, 6 Julai

Leo nahodha alikuwa na mechi asubuhi dhidi ya chuo kingine cha hapa mkoani, na mafunzo ya wasichana wa sekondari jioni. Tulishinda 2 kwa 0.

Naomba niseme kidogo namna anavyocheza, kwa sababu wengi humsifu kwa mabao na yeye si mfungaji. Kabla mpira haujamfikia ameshatazama nyuma ya bega mara mbili. Akipokea, mguu wake umeshafunguka kuelekea upande wenye nafasi. Pasi yake ya kwanza ni fupi na salama, ya pili ndiyo inayoumiza. Bao la pili lilitoka kwenye pasi ya namna hiyo, ikipita kati ya mabeki wawili waliokuwa wanamtazama yeye badala ya kumtazama winga. Kocha wetu husema timu ikiwa naye haikimbii ovyo, na ni kweli, mimi nikiwa golini naliona hilo vizuri kuliko yeyote.

Jioni tuliwapitisha wasichana kwenye programu ya kupasha mwili ya FIFA 11+. Ni mazoezi 15 ya dakika 20 hivi: kukimbia taratibu na kubadili mwelekeo, kujiegemeza kwa viwiko na vidole vya miguu, kuinama mbele ukiwa umepiga magoti na mwenzako amekushika vifundo, kuruka na kutua huku goti halielekei ndani. Hayahitaji kifaa chochote. Utafiti mkubwa uliofanyika Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 na kuchapishwa 2008 ulionyesha majeraha yakipungua kwa karibu theluthi moja kwa timu zilizofuata mazoezi haya. Wanawake huchanika ligamenti ya mbele ya goti mara nyingi zaidi kuliko wanaume, na kwa msichana wa hapa goti likichanika mara nyingi ndiyo mwisho wa mpira. Operesheni iko mbali na ni ghali. Kwa hiyo zoezi la kutua vizuri lina uzito wake.

Msichana mmoja, kwao ni Kasulu, aliuliza kama mtu anaweza kuwa daktari na bado akacheza mpira wa kweli. Nahodha akamweleza habari za Nadia Nadim, aliyezaliwa Herat, Afghanistan, akakimbia na mama yake na dada zake, akaanza kuupenda mpira akiwa kambi ya wakimbizi Denmark. Akaichezea timu ya taifa ya Denmark, akacheza Paris Saint-Germain, na Januari 2022 akahitimu udaktari. Katika mkoa wenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, habari hiyo haihitaji maelezo marefu. Yule msichana aliomba jina liandikwe kwenye kiganja chake kwa kalamu.

Jumamosi, 20 Julai

Wiki hii kumekuwa na mjadala, na nauandika kwa sababu unahusu mradi moja kwa moja.

Mitihani ya mwisho wa muhula inakaribia. Baadhi ya wenzetu, na hata mwalimu mmoja, wanaona nahodha aachane na mradi, au aachane na timu, abaki na kitabu. Wanamtakia mema. GPA yake haijawahi kushuka chini ya 3.5 na hawataki ishuke mwaka wa mwisho. Mama yake mzazi, ambaye huuza dagaa Kibirizi na miezi hii ya kufungwa ziwa anauza mawese, alimpigia simu akamwambia, “Mwanangu, mshika mbili moja humponyoka. Wewe umeshika tatu.”

Nilikuwepo alipojibu. “Mama, si tatu. Nikiwa wodini naona mtu aliyechelewa. Nikiwa Katonga nazuia asichelewe. Nikiwa uwanjani nipo na watu wale wale.” Mama akanyamaza kidogo, akauliza kama anakula vizuri.

Nimemwona anavyopanga siku, na nadhani wanaomhurumia hawajaona. Anaamka saa 11 alfajiri, anasoma hadi saa 1. Mazoezi ya vitendo hospitalini ni hadi saa 8 mchana. Saa 10 uwanjani, siku tatu kwa wiki tu, si kila siku. Usiku anasoma na kundi la watu wanne na anakuwa kitandani saa 4. Hilo halijadiliwi, hata wakati sisi wengine tunakesha na kahawa. Kesi anazoziona zamu ya dharura ndizo anazozigeuza kuwa masomo ya Jumamosi, na maswali ya wavuvi anayarudisha kwenye kundi la kusoma. Lile la kutofautisha kifafa na moyo kusimama tulilijadili usiku wa Jumapili moja, na sote tulilielewa zaidi ya tulivyolielewa darasani.

Maoni yangu ni kwamba hoja ya “chagua kimoja” huwaangukia wasichana kwa haraka sana. Kipa wa timu ya wanaume wa chuo chetu anacheza, anasoma, ana duka la simu, na hakuna aliyemwitia kikao. Kinachohitajika si kumwondolea nahodha mzigo mmoja kati ya mitatu. Ni sisi wengine tubebe sehemu ya huu wa mradi. Tumekubaliana: kuanzia wiki ijayo tunafundisha kwa zamu, wawiliwawili, naye anakuja anapoweza. Mimi nimechukua somo la majeraha ya kichwa.

Jumamosi, 3 Agosti

Vifaa. Duka moja la dawa Gungu limetupa glovu na bendeji kwa bei ya jumla. Fundi cherehani ameshona mikoba midogo ya turubai. Kila mkoba una glovu, bendeji za kunyumbulika, pamba, plasta, mkasi, sabuni na chupa ya maji safi ya kuoshea jeraha. Spiriti hatuweki, kidonda cha changarawe kinahitaji maji mengi na sabuni. Ndani ya mfuniko tumebandika karatasi: hatua tatu, namba ya bodaboda wawili walio karibu na uwanja huo, na njia fupi ya kufika hospitali ya Maweni.

Jumamosi, 17 Agosti

Ziwa limefunguliwa Alhamisi. Kama tulivyotarajia, mahudhurio Katonga yameshuka, na tumefurahi kwa ajili yao, kwani nyumba nyingi zilikuwa zimekaza mkanda sana. Mama wa nahodha amerudi kwenye dagaa.

Ratiba tumeibadilisha kufuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki, wavuvi wanapumzika na kukarabati nyavu. Mwezi mpevu ni Jumatatu, tarehe 19. Kwa hiyo siku hizi chache wapo, na kuanzia sasa vikao vya mwaloni vitawekwa siku za mbalamwezi kila mwezi, vya Ujiji na Gungu vitabaki Jumamosi. Aliyependekeza hivi ni yule mzee wa nyavu. Ndani ya chombo chake vijana watatu wameshajifunza.

Alhamisi, 29 Agosti

Juan Izquierdo, beki wa Nacional ya Uruguay, amefariki juzi. Alikuwa na miaka 27. Alianguka tarehe 22 kwenye uwanja wa timu ya São Paulo, Brazil, katika mechi ya Copa Libertadores, mashindano ya klabu za Amerika Kusini, mapigo ya moyo yakiwa yameharibika.

Makocha wetu wametuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp tangu jana. Mmoja aliuliza waziwazi: kama mtu amefia kwenye uwanja mkubwa vile, wenye madaktari na magari, sisi na sanamu letu la sponji tunafanya nini?

Nahodha alijibu kati ya vipindi viwili vya kusoma, na nanukuu ujumbe wake wote kwa ruhusa yake: “Kocha wangu, sitakudanganya kwamba kila tutakayemkandamiza ataamka. Wengi hawaamki, hata hospitalini. Lakini asiyekandamizwa kabisa tunajua mwisho wake. Sisi tunampa mtu wetu nafasi ambayo jana hakuwa nayo. Pia tuwaulize wachezaji mapema: nani amewahi kuzimia akikimbia, nani ana ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Huyo asicheze kabla hajapimwa moyo.”

Maswali hayo mawili sasa yamo kwenye fomu ya usajili ya timu zote tunazofanya nazo kazi. Ni hatua ambayo haikuwa kwenye mpango wa Mei, na kwangu ina thamani sawa na kila tulichofanya.

Jumamosi, 14 Septemba. Ujiji

Nahodha yuko kwenye mitihani. Mechi ya leo ilikuwa ya timu mbili tulizozifundisha Julai na Agosti, nami nilikwenda kama mtazamaji.

Dakika za mwisho, matokeo 1 kwa 1, mshambuliaji wa wenyeji na beki waligongana vichwa wakigombea mpira wa juu. Beki aliinuka. Mshambuliaji alikaa chini, akainuka, akasema yuko sawa, anataka kuendelea. Ndiye mfungaji wao tegemeo, na mashabiki walishaanza kumwita.

Kocha aliingia na mkoba. Nilisogea lakini sikusema neno. Akamuuliza: “Tuko uwanja gani? Kipindi cha ngapi? Nani kafunga bao la mwisho?” Yule kijana alijibu la kwanza, akakosea la pili, la tatu akamtazama tu kocha. Bao la mwisho alikuwa amelifunga yeye mwenyewe.

Kocha akamtoa. Kelele zilikuwa kubwa, mtu mmoja akamwita mwoga, mwingine akasema zamani walikuwa wanamwagiwa maji wanaendelea. Kocha akajibu kwamba mwenye mtikisiko wa ubongo harudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yuko sawa, kwa sababu pigo la pili juu ya la kwanza linaweza kumuua. Akamweka kivulini na mtu wa kumwangalia. Alipoanza kutapika, bodaboda namba ya kwanza kwenye karatasi aliitwa, kijana akakaa katikati akishikiliwa na kaka yake, wakaenda Maweni. Timu ikamaliza ikiwa imefungwa 2 kwa 1.

Jioni kaka yake alipiga simu: wamemlaza kwa uangalizi, anazungumza vizuri, kumbukumbu inarudi. Nimempelekea nahodha taarifa. Alijibu kwa maswali matatu: ametapika mara ngapi, mboni za macho zinalingana, nani atakaa naye usiku. Kisha akarudi kusoma, Jumatatu ana karatasi ya tiba ya watoto.

Yaliyobaki kwa mwezi huu: mpira wa ndani ya sanamu umetoboka, unahitaji kubadilishwa. Mikoba miwili ijazwe upya bendeji. Kocha wa leo amekubali kuja kufundisha wenzake yeye mwenyewe. Mwezi mpevu ni Jumatano, tarehe 18. Zamu ni ya Kibirizi, saa 10 jioni, nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa.